Zamu ya Mwaka wa Nne

Kazi yangu ni mizani, Kirumba, chumba cha mabondo.
Bondo la sangara ukilishika likiwa bichi
linakudanganya: maji nayo yana uzito wake,
na mnunuzi mgeni hulipia maji.
Ndiyo maana kamati ikanikabidhi daftari la klabu.
Nyanzobe, walisema, hadanganyiki.

Jumanne usiku, ofisini Mabatini, taa moja.
Nyegezi wameleta barua: wanamtaka Malimi Sayi.
Watatupa zamu zao za kuchagua, mwakani na mwaka unaofuata,
siku ile ya Desemba vijana wa shule wanapopangwa mstari
na klabu ya mkiani ndiyo inayoanza kunyoosha kidole,
bingwa anafagia kilichobaki.
Na Nyegezi ndio mkia wenyewe. Msimu mzima mechi tatu,
moja kwa sababu wapinzani walikwamishwa na mvua Mkolani.

"Zamu ya kwanza!" Katibu Lushinge akapiga meza.
"Mara mbili! Tunapata Malimi mwingine na chenji juu."
Bugumba wa jezi akasema heri kenda shika
kuliko kumi nenda uje,
akarudi kuhesabu soksi.

Nikaomba kuuliza kitu kimoja tu.
Mkiwapa Nyegezi Malimi,
nani atakaa mkiani?

Huyu aliyefuta pointi kumi na saba za Igoma
kidole kimefungwa kipande cha kanga,
mnadhani anakwenda kule kulinda chupa za maji?
Atawashindia. Na kila akiwashindia
zamu yetu inarudi nyuma, ya tatu, ya tano,
ya saba, pale wanapobaki watoto wa waamuzi.
Tunauza moto, tunalipwa barafu,
na barafu yenyewe tumeiacha kwa mwenye moto.

Waachieni mwakani, nikasema. Waachieni na wa pili.
Chukueni mwaka wa tatu na wa nne.
Malimi ana miaka ishirini na tisa, na goti la kushoto
analichua kwa siri nyuma ya choo, nimemwona.
Mwaka wa nne goti litakuwa limesema lake,
na Nyegezi, waliozoea kubebwa,
watakuwa wamesahau kutembea.
Hapo zamu yao itakuwa na nyama.

"Mwaka wa nne!" Lushinge alicheka peke yake.
Uchaguzi wa kamati ni mwakani, mwezi wa sita.
Hakulitaja hilo. Sikulitaja na mimi.

Kuna jingine sikulitaja.
Kijana asiyejulikana hajawahi kukosa kikapu.
Hana jina, basi ana kimo chochote tunachotaka.
Hata mimi, kitandani, nilishampa mabega,
nikampa mkono wa kushoto unaopiga kama wa kulia,
nikampa na adabu.
Kumbe leo ana miaka kumi na minne, yuko Misungwi,
anaswaga ng'ombe, mpira huo hajaugusa.
Au atapenda pikipiki.
Nami nimekwisha mpima, gramu kwa gramu,
mimi niliyeapa sitalipia maji.

Walipiga kura, saba kwa nne. Mwaka wa tatu, mwaka wa nne.
Nilishinda, na usingizi haukuja.

Jumamosi Malimi alifuata viatu vyake.
"Sasa, dada, nimekwenda kwa bei gani?"
Nikamfungulia daftari: jina lake, mshale,
kisha mistari miwili mitupu.
Aliisoma ile mistari muda mrefu
kuliko mtu anavyosoma kitu kisichoandikwa.

"Hawa wakija," akasema,
"waambieni ringi ya upande wa mto imeinama kulia."

Nimeliandika hilo pia. Pembeni, kwa kalamu nyekundu.